Sita wa Vumbi, Saba wa Maji

Ukimuuliza Bi Saba alifanya kazi gani ujanani, atakujibu bila kupepesa macho kwamba alikuwa anazamisha plagi. Wajukuu zake wakisikia hivyo huvunjika mbavu.

"Bibi, plagi na maji wapi na wapi? Si utapigwa shoti?"

"Tulizizamisha sisi ili msipigwe nyinyi," husema, kisha hurudi kwenye kikombe chake kana kwamba mjadala umefungwa.

Hazikuwa plagi za pasi wala za redio. Kiwanda alichofanyia kazi kilitengeneza plagi na soketi nene kama mkono wa mtu mzima, zile za kuchomekea jenereta za hospitali, pampu za visima, winchi, na makontena ya baridi yanayoshinda nje juani na kulala mvuani. Kwenye mwili wa kila moja paligongwa herufi mbili na namba mbili. Watu wengi huishi jirani na namba hizo maisha yao yote wasizitazame, na ni hasara yao, kwa maana ni katika maneno machache duniani yasiyohitaji mkalimani. Fundi wa bandari huku na fundi wa mgodi ng'ambo, wasioelewana hata salamu, watanyoosheana kidole kwenye namba hizo na wote wawili wataitikia kwa kichwa.

Namba ya kwanza inahusu vitu vigumu. Inaanzia chini, pale ambapo kidole cha mtoto kinaweza kupenya, inapanda hadi bisibisi isipenye, waya mwembamba usipenye, na kwenye sita hata vumbi linakosa njia. Namba ya pili ni ya maji. Inaanza na matone, yanakuja manyunyu, inakuja nguvu ya mpira wa maji, na ukifika saba kitu kinazamishwa kina cha mita moja kwa nusu saa na kinatakiwa kutoka salama. Kiwanda chao kiliuza sita na saba. Saba alikuwa yeye. Sita alikuwa mwanamume wa chumba cha pili.

Chumba cha maji kilikuwa na sakafu ya saruji isiyowahi kukauka, mteremko kidogo kuelekea kwenye mfereji, na tangi la chuma lenye dirisha la kioo ubavuni. Juu ya tangi palining'inia kapu la waya la kushushia plagi. Bi Saba alivaa buti za mpira kutwa nzima, na nyumbani mama yake alikuwa akimcheka kwamba miguu yake ni myeupe kama ya mtu aliyetolewa plasta. Hakujali. Alikipenda kile chumba. Alipenda pampu inapozimwa na maji yanatulia, halafu anainama kwenye kioo kutafuta kiputo. Plagi inayovuja husema yenyewe. Kiputo kimoja kidogo hujikusanya kwenye ukingo wa kifuniko, hujishikilia kama anayesita, kisha hupanda. Alikuwa anaweza kukiona hata mtu akimsemesha.

Chumba cha vumbi kilikuwa kikavu na kimya, na ndani yake mlikuwa na sanduku la kioo lililojaa poda laini ya talki. Feni iliipeperusha poda hadi sanduku zima likawa kama ukungu, na plagi ikakaa katikati ya ukungu huo kwa saa kadhaa. Mwenye sanduku alitoka humo akiwa mweupe nyusi, mweupe masikio, mweupe mpaka kwenye mikunjo ya viwiko, na kiwanda kizima kilimwita Unga. Bi Saba amemzika mwaka wa tatu sasa. Lakini akipita pahali akasikia harufu ya poda ya watoto, husimama kidogo, na anayetembea naye hudhani amechoka.

Baina ya vyumba hivyo palikuwa na kidirisha chenye mlango wa kuteleza, upana wa trei moja. Viwanda vingine hupima vumbi kwa plagi moja na maji kwa plagi nyingine. Pale kwao palikuwa na mazoea yao: plagi ileile iliyotoka kwenye vumbi ilipitishwa kidirishani, ikaenda kwenye maji, na ilifunguliwa mara moja tu, mwishoni, mkononi mwa Bi Saba. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akijua kama ndani mmeingia vumbi, au maji, au vyote viwili. Unga hakuwahi kuona matokeo ya kazi yake mwenyewe ila kwa kuuliza.

Na alikuwa akiuliza sana.

"Saba! Jana ilikuwaje?"

"Safi."

"Safi safi, au safi ya kunifurahisha?"

"Wewe nikufurahishe kwa lipi? Lete trei."

Ilianza hivyo. Mlango wa kidirisha ulikuwa ukifunguliwa kwa trei, ukaanza kufunguliwa kwa kiberiti, kwa chumvi, kwa kuuliza saa na hali saa ipo ukutani vyumba vyote viwili. Mkono mweupe ulitokeza na karanga kwenye karatasi. Mkono wenye maji uliipokea, na karanga zikawa na unga na unyevu kwa pamoja, wakazila hivyohivyo. Shoga yake wa meza ya kufunga nyaya, mwanamke waliyemwita Redio kwa kuwa habari haikumlalia, alikuja siku moja kuazima bisibisi, akaliona hilo, na kufikia mapumziko ya mchana hata mlinzi wa geti alikuwa akisema, "Sita na Saba hao!"

Walipotangaza uchumba, msimamizi wa upimaji aliwaita ofisini. Huyu aliitwa Miwani, kwa sababu alikuwa nazo mbili, moja puani na nyingine kichwani, na bado alikuwa akizunguka akiuliza nani kamchukulia miwani yake.

"Hongereni," alisema. "Mungu awape heri. Sasa mmoja wenu atahama chumba."

"Kwa nini, mzee?" Unga aliuliza.

"Kwa sababu namba ni mbili na sahihi ni mbili. Wewe unasema vumbi halikuingia, yeye anafungua na kuthibitisha. Mke akifungua kazi ya mumewe, mnunuzi atamwamini vipi? Mimi ninawaamini. Mnunuzi hanijui mimi, wala hawajui nyinyi."

"Nani ahame?" aliuliza Bi Saba.

"Hilo la nyumbani kwenu. Mniambie kabla ya harusi."

La nyumbani kwao, nyumbani kwao walikuwa wameshaliamua. Mama yake Bi Saba alikuwa akikunja nguo alipomweleza, na hata hakuinua kichwa.

"Utakwenda wapi, kwenye kufungasha? Kule si kubaya. Kukavu, utapona miguu."

"Mama, kwa nini niende mimi?"

"Sasa aende nani? Mwanamume ahamishwe kwa ajili ya mkewe, watu watasemaje?"

"Watasema amehamishwa."

"Ee, kichwa chako hicho! Umekichukua kwa baba yako, mimi simo."

Wifi mtarajiwa alisema hivyohivyo, kwa upole zaidi. Redio, ambaye Bi Saba alitegemea kwamba angalau atamtetea, alimwambia kwenye kufungasha kuna viti. Kila mtu alimwona ameshatoka kwenye kile chumba, amebaki kuvua buti tu. Naye alijua mambo mawili ambayo hakuweza kumweleza mtu. La kwanza, kwamba hakuna pahali pengine duniani alipokuwa na uhakika wa jambo kama pale kwenye kioo cha tangi. La pili, kwamba alimtaka Unga.

Unga mwenyewe alisema, "Tutaona."

Kila alipoulizwa, tutaona. Kidirishani tutaona, njiani kwenda kituoni tutaona, mbele ya shangazi zake tutaona. Alilisema kwa sauti tamu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Bi Saba alingoja. Hakutaka kumwomba. Alitaka aliseme yeye, kwa kinywa chake: mimi nitahama. Siku zikaenda, kadi zikachapwa, na neno halikutoka.

Wiki ya harusi lilikuja fungu la plagi za hospitali moja ya mbali, za kuunganishia jenereta ya chumba cha upasuaji. Miwani mwenyewe alipita kusisitiza kwamba mzigo huo hauna mchezo. Bi Saba alipokea trei kidirishani asubuhi, akashusha kapu, akainama kwenye kioo. Kimya, hakuna kiputo. Nusu saa ilipotimia akazitoa, akazifuta nje mpaka zikawa kavu kabisa, akafungua ya kwanza.

Maji hamna. Lakini ndani, juu ya pini za shaba, palikuwa peupe.

Akafungua ya pili. Peupe. Ya tatu ilikuwa safi, ya nne peupe tena.

Alikaa kwenye kigoda chake na kile kipande mkononi. Chumba kilikuwa kitupu. Kitambaa kilikuwa mapajani. Kufuta kungechukua muda wa kupiga chafya, na plagi zenyewe, kwa alivyoona, zilikuwa nzima. Ringi za mpira zilikaa vizuri, maji hayakupita. Angefuta, angetia sahihi, na Jumamosi angeolewa na mtu ambaye hakuna aliyemdhania kosa. Na kila siku baada ya hapo Miwani angekuwa amesema kweli kuhusu wake na waume, ila asingejua.

Alisogeza mlango wa kidirisha.

"Unga."

"Naam, bibi harusi."

"Vumbi ndani."

Kicheko kilisikika upande wa pili. "Acha utani wako."

"Sina utani. Tatu kati ya nne. Namwita mzee."

Kisha uso mweupe ukainama kidirishani, macho mekundu katikati ya unga. "Unamwita mzee? Sasa hivi? Husubiri hata tuongee?"

"Tutaongea nini?"

"Sisemi ufiche. Nasema subiri. Wiki hii, Saba? Wiki hii unanifanyia hivi?"

"Mimi nimefungua tu."

"Ee, wewe umefungua tu!" Akaubamiza mlango wa kidirisha, nao ukaruka njia yake ukaning'inia upande mmoja.

Miwani alifika akiwa na fundi mkuu wa idara ya mipira, mzee mnene aliyekuwa amekata ringi tangu kiwanda kinafunguliwa. Walisimama wote kwenye sakafu yenye maji, viatu vyao vizuri vikilowa, wakapokezana vile vipande. Unga alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle kwa mlango. Siku zote mle alikuwa mkono na sauti.

"Ringi," alisema Miwani baada ya kugeuzageuza. "Ringi zimekatwa ovyo. Vumbi limepita pembeni. Fungu zima litupwe, na idara ya mipira ijieleze."

"Ringi zangu?" Yule mzee mnene alishika kiuno. "Maji hayakupita, vumbi lipite? Tangu lini?"

"Vumbi ni jembamba kuliko maji, mzee mwenzangu."

"Usinifundishe ringi!"

Bi Saba alikuwa ameshaona kitu, akawa anakitazama asijue afanyeje nacho. Kwenye ukingo, pale ringi inapobana, palikuwa pasafi kabisa. Weupe ulianzia nyuma, kwenye kile kitundu kidogo. Kitundu hicho hutobolewa na mpimaji wa vumbi mwenyewe: huchomekwa mrija, na mrija huvuta hewa kutoka ndani ya plagi ili kama kuna mwanya popote poda ifyonzwe. Kipimo kikiisha, feni inazimwa, mtu anasubiri poda yote itue chini kama vumbi la barabarani gari likishapita, ndipo anachomoa mrija na kuziba kitundu kwa nta. Sasa poda ile ndani ya plagi ilitawanyika kutoka kwenye kitundu kama kipepeo. Alinyanyua macho akamwona Unga naye anatazama palepale, na uso wake, hata chini ya unga, ulikuwa umebadilika.

Unga angeweza kunyamaza. Mzee wa mipira alikuwa ameshaanza kupoteza ugomvi ule, pumzi zikimwishia.

"Si ringi," Unga alisema.

Wakageuka.

"Ni mimi. Nimechomoa mrija poda haijatua. Plagi imevuta hewa kwa pupa, ikafyonza na poda. Plagi ni nzima. Ringi ni nzima."

Miwani alishusha miwani ya kichwani, akawa nazo mbili machoni. "Umefanya kazi hii miaka yote hiyo, hujui kusubiri poda itue?"

"Najua."

"Sasa?"

Unga alijikuna shingo, poda ikadondoka. "Saa nne yeye huenda kunywa chai. Nikisubiri poda itue, nikifungua kidirisha nakuta kigoda kitupu."

Kisha mzee wa mipira alianza kucheka, tumbo kwanza, halafu mabega, mpaka akashika ukingo wa tangi asianguke. "Mzee mwenzangu," alimwambia Miwani, "fungu zima la hospitali, kisa chai!" Nje ya mlango, Redio, ambaye hakuna aliyemwita, alikuwa ameshaondoka mbio.

Miwani hakucheka. Aliagiza fungu lipimwe upya toka mwanzo, na mtu mwingine. Kisha akamwambia Unga kwamba kuanzia Jumatatu yuko idara ya mipira, chini ya mzee mnene, akate ringi. Kwa Bi Saba alisema, akiwa ameshafika mlangoni, "Wewe baki hapahapa," na akaenda akiuliza nani kaona miwani yake.

Kwa hiyo Bi Saba alikipata alichotaka. Siku ile nzima watu walimpongeza, mama yake akanuna, naye akashusha na kupandisha kapu bila furaha yoyote. Alikipata chumba, lakini hakulipata lile neno. Kosa ndilo lililomhamisha Unga. Angelisema, kama vumbi lisingeingia? Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki ile hawakusemezana. Harusi iliahirishwa kwa udhuru wa mjomba aliyeko safarini, ingawa mjomba mwenyewe alikuwa barazani akila.

Sanduku la vumbi likapewa mwanamume mtu mzima asiye na maneno, aliyepitisha trei na kukitengeneza kile kidirisha kifunge vizuri.

Siku moja mlango ukafunguliwa. Alikuwa Unga, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alikuwa na rangi yake mwenyewe. Hata jioni walipokwenda kituoni poda ilikuwa haimtoki yote; Bi Saba alishangaa kumwona ni mweusi namna ile, na kijana kuliko alivyodhani. Alishika plagi moja.

"Ringi yangu ya kwanza," alisema. "Mzee mwenyewe kanituma niilete kwako. Anasema nisimame nione."

"Vua viatu, vitalowa."

Alivua. Bi Saba aliweka plagi kapuni, akashusha, akazima pampu. Wakainama wote wawili kwenye kioo, bega kwa bega, kazini mara ya kwanza bila ukuta. Maji yakatulia.

"Nusu saa?" Unga aliuliza.

"Nusu saa."

Walikaa. Mfereji ulikuwa ukidondosha matone. Hatimaye Bi Saba alimuuliza, akiwa bado anatazama kioo.

"Kama lile vumbi lisingeingia, ungesema wewe ndiye utahama?"

Bi Saba alimsikia akivuta pumzi ya kusema jambo tamu, kisha akaiachia.

"Hapana," alisema. "Nisingesema. Ningeendelea na tutaona mpaka uchoke, uende kufungasha mwenyewe, halafu nikushukuru mbele ya watu."

"Nilijua."

"Ulijua, na bado ulikuwa unakula karanga zangu?"

"Mimi nisingechoka."

Unga alicheka kidogo puani. "Kukata ringi ni kazi ngumu, unajua? Yule mzee ananitukana mpaka marehemu babu yangu. Lakini naiona kazi yangu ikiisha. Kule kwenye vumbi nilikuwa nakuuliza wewe tu."

Bi Saba hakujibu, kwa sababu kwenye ukingo wa kifuniko alikuwa ameona kitu kinajikusanya. Unga hakukiona. Aliendelea kuzungumza, juu ya visu, juu ya mpira unavyonuka ukikatwa ukiwa wa moto, na kiputo kile kikasita, kikajishikilia, kikapanda.

Alisubiri nusu saa itimie kwa sababu ndivyo kipimo kinavyotaka. Akaitoa plagi, akaifuta nje taratibu, akaifungua mbele yake. Ndani, juu ya pini moja, palikaa tone.

"Tone moja!" Unga alilalamika. "Moja, Saba! Hilo halifiki hata kumlowesha sisimizi."

"Ni maji."

"Na harusi?"

Bi Saba alimkabidhi plagi yake mkononi, mkono wenye rangi yake mwenyewe, uliolowa sasa kama wa Bi Saba.

"Harusi ipo, mjomba ameshamaliza kula," alisema. "Lakini hii siitii sahihi. Kakate nyingine."